Jinsi Msahafu Ulivyokusanywa Zama za Makhalifa wa Mwanzo

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu zangu, makhalifa wa mwanzo hutajwa zaidi kwa vita walivyopigana na miji waliyoifungua, lakini leo nataka tutazame jambo lililowatia hofu kubwa zaidi, nalo ni kuukusanya Msahafu.

Mtume (S.A.W.) alipofariki mwaka wa 11 Hijria, sawa na 632, Qur'ani ilikuwa imehifadhiwa vifuani na kuandikwa vipande vipande, ila haikuwa imewekwa pamoja katika kitabu kimoja. Sayyidna Abubakar hakupata nafasi ya kupumua baada ya kupewa baia, yaani kiapo cha utiifu, awe khalifa wa kwanza, kwani makabila kadhaa yaliritadi, yaani yalitoka katika Uislamu, na mengine yakakataa kutoa zaka. Katika vita vya Yamama, dhidi ya Musaylima aliyedai utume, waliuawa mahafidhi wengi, yaani walioihifadhi Qur'ani kwa moyo, akiwamo Salim, huria wa Abu Hudhayfa, mmoja wa wanne ambao Mtume aliwaagiza Waislamu wajifunze Qur'ani kwao.

Hapo Sayyidna Umar akamwendea Khalifa na kumshauri Qur'ani ikusanywe. Abubakar alisita: vipi atende jambo ambalo Mtume hakulitenda? Umar hakuacha kumrejea mpaka moyo wake ukafunguka, na Zaid bin Thabit, kijana aliyekuwa mwandishi wa wahyi, alipoitwa naye aliuliza swali lile lile, kisha akasema kwamba lau angekalifishwa kuhamisha jabali, lisingemwelemea kuliko kazi hiyo. Mimi naona kusita kwao huku kuna uzito mkubwa, kwa kuwa ndiko kulikozaa uangalifu wa Zaid, ambaye japokuwa alikuwa ameihifadhi Qur'ani, hakutosheka na kifua chake, bali aliifuatilia katika makuti ya mitende, vijiwe bapa na vifua vya watu, hata aya za mwisho za Suratut Tawba akazipata kwa Abu Khuzayma, Mwansari, yaani Mwislamu wa Madina.

Kurasa hizo zilikaa kwa Abubakar hadi alipofariki mwaka wa 13 Hijria, kisha kwa Umar, kisha kwa binti yake, Bibi Hafsa. Zama za Sayyidna Uthman, khalifa wa tatu, sahaba Hudhayfa bin Yaman alirudi kutoka Armenia na Azerbaijan akiwa na fazaa, kwa sababu aliwaona watu wa Sham na wa Iraki wakihitilafiana katika kisomo. Uthman akaziazima kurasa kwa Bibi Hafsa, akamwamuru Zaid pamoja na Makureshi watatu, watu wa kabila la Mtume, wanakili misahafu ya kupelekwa mijini, na wakihitilafiana katika neno, waliandike kwa lugha ya Kikureshi. Imepokewa kwamba walihitilafiana katika neno "tabut", lenye maana ya sanduku: Zaid, mtu wa Madina, alilimaliza kwa herufi ya Kiarabu he, nao Makureshi kwa te. Uthman akaamua iwe te, na ndivyo tunavyolisoma katika Suratul Baqara.