ROCK LAIVU SIO MAPEPO, KAENI NIWAAMBIE (nipo Mwanza!!)

Mwadila bhabha, mwadila mayu! Watu wangu wa Mwanza, na nyie wa Sengerema, Geita, Musoma, Bukoba huko mnaoangalia kwa bando la kuungaunga, karibuni tena. Leo siko Hamburg, leo nipo nyumbani likizo, nimekaa hapa Capri Point juu ya jiwe, ziwa lile pale, na huu upepo mnivumilie tu maana maiki yangu imezoea kurekodi chumbani.

Sasa ile video niliyoweka nikiwa kwenye shoo ya AC/DC, ile bendi ya rock, jamani zile komenti. Nusu mnaniuliza tiketi bei gani, nusu mnaniombea. Kuna mmoja kaandika "dada yetu uliondoka salama umepatwa na nini", nimecheka mpaka basi, ila nikasema hapana, hii inataka video yake, maana sio nyie tu, hata mama mwenyewe. Nimefika na fulana yangu ya Iron Maiden, ile yenye Eddie, yule kiumbe wao mwenye sura ya fuvu, nikaifua nikaianika nje kama nguo zingine. Narudi kutoka Makoroboi naikuta imehamia bafuni, imegeuzwa, fuvu linaangalia ukuta. Namuuliza mama vipi tena, ananiambia jumuiya wanasali hapa saa kumi, sitaki maswali.

Haya. Iron Maiden ni bendi ya rock ya London, ilianza 1975, na huyo Eddie ni kama mwanabendi, hakuna shoo yao asiyotokea. Kila mtu uwanjani anajua atakuja ila hujui atakuja na sura gani, afu linatoka lidude linatembea jukwaani, refu kuliko wanamuziki wote, na wazee wenye wajukuu wanapiga kelele kama watoto. Mi nkamwambia mama, we mama si umekulia Kisesa? Bulabo mlikua mnaenda kuangalia nini? Akanyamaza, afu akacheka.

Kwa wale wa mbali, Bulabo ni ile sikukuu ya ngoma za Wasukuma, inafanyika Bujora, mwezi wa sita mara nyingi, kipindi cha sikukuu ya Ekaristi. Kuna vyama viwili vya ngoma vya tangu enzi za mababu, Bagika na Bagalu, na ushindani wao ndo balaa lenyewe, kwa sababu wanacheza muda mmoja, uwanja mmoja, huku hawa na huku wale, na watu ndo wanaamua kwa miguu yao. Upande wenye watu wengi ndo umeshinda, basi. Kwaiyo mtu anakuja na chatu shingoni, mwingine anarusha jembe juu analidaka, wameshawahi kuja mpaka na fisi mzima, ilimradi watu wahame kule waje huku. Na msiniambie ni mambo ya kipagani, maana aliyeanzisha makumbusho ya pale Bujora ni padri, Padri David Clement, Mkanada, na yeye ndo aliingiza ngoma za Kisukuma ndani ya misa miaka ya 1950 huko. Kanisa lipo mpaka leo, nendeni mkaone. Sasa kama padri hakuogopa ngoma, mi niogope gita?

Ila hoja yangu sio fuvu wala chatu. Hoja yangu ni kwamba hakuna mtu anaenda Bulabo na flashi. Unaelewa? Huwezi kufika pale ukachomeka flashi ukaruka ruka juu ya sauti yako mwenyewe iliyorekodiwa, utabaki na mbwa tu. Sasa sisi shoo zetu za siku hizi zimekua hivyo, naongea ukweli mnisamehe, msanii anatangazwa wiki tatu, gari la matangazo linazunguka Buzuruga mpaka Nyegezi, watu wanabanana getini, jamaa anatokea saa saba usiku, didjei anaweka wimbo ule ule ulioko kwenye simu yako, yeye anaitikia mwisho wa mistari na kuwanyooshea nyie maiki mwimbe. Umelipa uimbe mwenyewe!! Simtaji mtu, mnawajua.

Baba yangu alikua mtu wa dansi, Msondo na Sikinde, na alikua anaweza kukuambia solo hii imepigwa na nani bila kuangalia. Msondo wale wameanza 1964 wakiitwa NUTA Jazz, na watu walikua wanakesha wakiangalia vidole vya mtu kwenye gita. Mi nilivyofika Ujerumani nikapelekwa na mtu wa kazini kwenye shoo ya rock, sijui hata bendi gani, klabu ndogo imejaa jasho, nikaona mtu anapiga solo amefumba macho na watu wamemkazia macho mikononi, nikasema ah, hawa ni watu wa baba. Tangu siku hiyo mshahara wangu una mwenyewe.

Tuje kwenye shoo zenyewe sasa. Metallica, bendi ya rock nzito ya Marekani, Hamburg, Mei 2023. Wale ziara yao ile walikua wanapiga siku mbili kwenye kila mji, na wimbo wa siku ya kwanza haurudiwi siku ya pili, hata mmoja, kwaiyo kama unataka kila kitu unanunua siku zote mbili, ndo biashara hiyo. Jukwaa liko katikati ya uwanja wa mpira, duara, kama pete, na ndani ya tundu la pete kuna watu wamesimama, na drams ziko seti nne zimezunguka hilo duara, Lars, mpiga drams wao, anapiga huku nyimbo kadhaa afu anahamia kule, ili kila upande upate zamu ya kumuona. Mi nilikua upande ambao mwanzo nauona mgongo wa James, muimbaji wao, tu, nikaanza kununa, kumbe subiri, wanazunguka, na alivyofika upande wetu na lile gita yani ile sauti huisikii masikioni kwanza, inaanza kwenye mbavu. Besi inakugusa kifua kabla akili haijajua ni wimbo gani. Hicho kitu simu haiwezi kukupa, hata ununue sabufa ya ukubwa gani.

AC/DC mwaka uliofuata, 2024, Gelsenkirchen, ndo ziara yao ilikoanzia mwezi wa tano. Angus Young, mpiga gita wao, alikua na miaka 69, anavaa kaptula ya shule, tai, kofia, wazo la sare inasemekana ni la dada yake Margaret enzi hizo, na anakimbia. Miaka 69! Nilikua nawaza wazee wa mtaani kwetu Mabatini wa umri huo ukiwaambia wapande ngazi wanaanza kutaja magoti. Na muimbaji wao Brian Johnson alikua na 76, na huyu ndo nataka mumsikilize vizuri nyie wa kukaa mbele ya spika, huyu mwaka 2016 madaktari walimwambia acha ziara haraka utakua kiziwi kabisa, akaacha, wakamleta Axl Rose, muimbaji wa Guns N' Roses, amalizie, na ilichukua miaka mingi mpaka akarudi. Kwaiyo mi naenda na vizibo vya masikio, vile vidogo vya mpira, na mtu akinicheka namuacha acheke. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa kiwango cha kumbi za mziki, wastani usizidi desibeli 100, ndo kipimo cha ukubwa wa sauti, ndani ya dakika 15. Sasa nendeni na kipimo kwenye harusi zetu hizi, pale meza ya wazee inapowekwa chini ya spika, afu mniambie mmepata ngapi.

Halafu kuna mambo ya pale katikati, ndo mnayoyaogopa, watu wanagongana. Wenyewe wanaita moshi piti (mosh pit). Kwenye simu inaonekana kama ugomvi wa stendi. Mi ni mfupi mnajua, na nimeingia, nakwambieni kuna sheria na kila mtu anaijua bila kuandikwa: mtu akianguka, wote waliomzunguka wanasimama, wanamnyanyua, wanamuuliza uko sawa, afu fujo inaendelea. Kiatu kikitoka mtu anakinyanyua juu mpaka mwenyewe aje. Jamaa limejaa tatoo mpaka usoni lilinishika mkono likanipitisha mpaka kwenye uzio nikanywe maji, wale mabaunsa wa mbele wanagawa maji kwenye vikombe, kazi yao kubwa ni hiyo na kuwavuta watu wanaoishiwa pumzi. Na hayo hayakuja bure, mwaka 2000 kwenye tamasha la Roskilde, Denmark, watu tisa walikufa kwenye msongamano mbele ya jukwaa, bendi ya Pearl Jam wakiwa wanapiga. Baada ya pale mambo ya nafasi mbele ya jukwaa yakaangaliwa upya kwa ukali, ndo maana uwanja ukijaa mbele wanafunga, huingii hata uwe nani. Sisi getini bado tunasukumana kama tunagawiwa dagaa.

Haya, tamasha la Wacken, la rock nzito. Wacken ni kijiji, kijiji kweli kweli, kaskazini ya Ujerumani, ng'ombe na mahindi, wakazi hawafiki elfu mbili. 1990 vijana wawili wa pale wakaweka bendi sita kwenye shimo la kokoto, wakaja watu kama mia nane. Leo wanakuja zaidi ya elfu themanini, wenye nywele mpaka kiunoni na jaketi za ngozi, na bibi wa kijiji anatoa kiti chake mbele ya nyumba anawapungia mkono. Na wanaofungua ni bendi ya tarumbeta ya zimamoto wa kijiji, wazee na sare zao! 2023 mvua ilinyesha, jamani, mnayajua matope ya Buhongwa kipindi cha masika, sasa weka na magari ya kulala watu humo ndani, matrekta yanavuta magari mchana na usiku, ikabidi wasitishe kuingiza watu, maelfu wakarudishwa njiani na tiketi zao mkononi. Mi nilikua nimewahi, niko ndani, miguu siioni. Nilicheka sana siku zile, sijui kwanini, labda kwa sababu kila mtu alikua mchafu sawa na mwenzake.

Mnauliza sana, "weusi mpo?" Tupo wachache, tunajuana kwa kichwa, unamwona mwenzio mbali unamwinulia kidevu. Ila jukwaani tupo kuliko mnavyodhani. Overthrust, bendi ya Botswana, walipiga Wacken 2016, wale jamaa wa ngozi na kofia za kichunga ng'ombe. Zambia miaka ya 1970 walikua na rock yao kabisa, Zamrock, na bendi inaitwa WITCH, muimbaji wao Jagari Chanda, miziki ikaisha akaenda kuchimba madini, na sasa amerudi uzeeni anazunguka Ulaya na vijana, 2023 walitoa albamu mpya. Nimewaona kwenye ukumbi mdogo, nimesimama mita chache tu, yule mzee anacheza kuliko mimi, na Wazungu wanaimba Kibemba wasichokijua. Hapo nililia kidogo, haya nimesema.

Na Freddie Mercury, muimbaji wa bendi ya Queen, je? Mtoto wa Unguja, kazaliwa 1946, kaondoka 1964 na wazazi wake. Sanamu yake iko Montreux, Uswisi, pembeni ya ziwa, kanyanyua ngumi anaangalia maji, Queen walikua na studio mji huo. Nilienda, nikakaa pale, na ni mji ule ule ambao kasino iliungua Desemba 1971 mwanamuziki Frank Zappa akiwa jukwaani, mtu kafyatua fataki ndani, na bendi ya Deep Purple waliokua wamekuja kurekodi wakawa wanaangalia moshi unatanda juu ya ziwa, ukawa wimbo, Smoke on the Water, ambao kila mtoto duniani anayeshika gita anaanza nao. Ziwa lenyewe ukilinganisha na letu ni dimbwi, nisiwadanganye. Ila wao wana tamasha lao la mziki pale ziwani na kila mwezi wa saba dunia inahamia pale. Sisi tuna hili lote, tuna haya mawe, na jioni tunaenda kuangalia mtu wa flashi.

Tiketi: za viwanja vikubwa ni ghali, nakaa bila kula nje miezi, za klabu ndogo ni za kawaida kabisa na ndo tamu zaidi kwangu. Visa sitaki hata kuongelea leo.

Ila huhitaji visa kuanza. Nairobi kuna watu wanapiga, bendi ya Crystal Axis wanapiga punk, ile rock ya kasi, mpaka unasahau nauli, na basi la kupitia Sirari linaondoka hapa hapa kila siku. Mwezi wa nane kabla sijarudi nataka tuende kikundi, tuangalie nani ana shoo wikiendi ipi, kila mtu na pasi yake ya kusafiria na hela yake ya kulala, mi nitabeba vizibo vya masikio vya wote. Andika hapo chini unatokea mtaa gani na kama mama yako atakuruhusu, hata kama una miaka thelathini, najua hali zenu.