Ndizi nyeusi, na mishipa yetu

Wazee shikamooni, vijana mambo. Naanza na mtori maana hapa Moshi bila mtori hamtanisikiliza. Ukimenya ndizi ukaziacha kwenye sinia ukaenda kupiga stori na jirani, ukirudi zimeshakuwa nyeusi, ile ni oksijeni. Sasa kwenye mshipa wa damu kuna kitu kinafanana na hicho, ila kule mshipa unajitengenezea wenyewe hiyo oksijeni kali.

Mshipa kwa ndani una utando wa seli, safu moja tu, unaitwa endothelia. Unatoa gesi ya naitriki oksaidi, mshipa unalegea damu inapita. Robert Furchgott alikuwa anapima vipande vya mshipa wa sungura, vingine vinalegea vingine vinakaza, anachanganyikiwa, kumbe vinavyokaza ule utando ulikwanguka wakati wa kuviandaa! Akachapisha 1980, baadaye ndio ikajulikana kinacholegeza ni hiyo gesi, na 1998 akapata Nobel na wenzake wawili.

Haya, ukiwa na inflamesheni ya muda mrefu, yaani kinga ya mwili inawaka ndani bila kuzima, iwe ni sigara, kisukari, au fizi zinavuja damu kila ukipiga mswaki, seli za kinga zinatuma ujumbe, mmojawapo unaitwa TNF. Ukifika kwenye endothelia unaamsha enzaimu ya NADPH oksidesi, nayo inatema supaoksaidi, ndiyo ile oksijeni kali, supaoksaidi inaidaka naitriki oksaidi njiani kabla haijalegeza chochote, zinazaa peroksinaitraiti ambayo ni kali kuliko wazazi wake. Halafu, hapa ndo huwa pananikera, inaharibu BH4, kisaidizi cha enzaimu inayotengeneza ile gesi nzuri, basi enzaimu hiyohiyo inaanza kutema supaoksaidi! Askari wa getini kajiunga na wezi. Na huo ukali unaamsha NF-kB, swichi iliyo ndani ya seli, inaita ujumbe mwingine wa inflamesheni, tunarudi mwanzo.

Mama pale nyuma anauliza si tumeze tu vitamini E ipoze huo ukali? Walijaribu mama, utafiti wa HOPE, 2000, watu zaidi ya 9,000, haikupunguza mshtuko wa moyo. Ila utafiti mwingine, CANTOS, 2017, walitumia dawa ya kuzuia ujumbe wenyewe wa inflamesheni, mmoja unaitwa IL-1 beta, kwa watu 10,061 waliowahi kupata mshtuko wa moyo, na kwa dozi ya miligramu 150 matukio ya moyo na kiharusi yakapungua kama asilimia 15, kolesteroli haikuguswa. Vifo vya maambukizi vikaongezeka lakini, maana umeizima kinga kidogo, kwa hiyo msikimbilie.

Ila fizi mama, hizo nenda ukaonyeshe wiki hii.