Mtazame Macho Kabla Hajalia: Jinsi ya Kutambua Uchovu wa Mtoto Mchanga na Kumlaza Mchana

Karibuni wazazi, na karibuni mabibi na mashangazi mnaowasaidia. Leo tuko na mtoto wa wiki 5. Yuko hapa mkekani, ameshanyonya, nepi imebadilishwa, na mama yake amekaa pembeni yangu. Tutamtazama mpaka achoke, kisha tutamlaza. Sitaikata video katikati, kwa sababu dalili tunayoitafuta hupita upesi na nataka muione ikipita.

Anza na saa. Jiulize ameamka saa ngapi. Mtoto wa umri huu hulala jumla ya saa 14 hadi 17 usiku na mchana, lakini kwa vipande vipande, maana tumbo lake ni dogo na anahitaji kunyonya mara 8 hadi 12 ndani ya saa 24. Kukaa macho, wengi huweza dakika 45 hadi 60 tu. Humo humo kuna kunyonya, kuoga na kubadilishwa nepi. Kwa hiyo ukishamnyonyesha nusu saa, ukamwogesha na kumpaka mafuta, muda umekwisha. Hakuna haja ya kumchezesha, wala hapungukiwi na kitu.

Huyu ana dakika kama 35 tangu aamke. Kamera isogee usoni, tafadhali.

Mnaona anavyonitazama? Nikiongea, macho yananifuata na mdomo unajaribu kunijibu. Hapo bado anataka mazungumzo. Tusubiri kidogo... Haya, ameacha. Macho yamehamia kwenye pazia na yamebaki huko. Hayafuati kitu. Nikimwita anageuka nusu, halafu anarudi palepale. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza, na ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Watu hudhani anafurahia pazia, wakamchezeshea kayamba arudishe macho. Usimrudishe, amechoka.

Maelezo mengi ya mtandaoni yatakuambia utazame nyusi zikianza kuwa nyekundu. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeupe wekundu huo huonekana vizuri. Kwa watoto wetu weusi mara nyingi hauonekani, na mzazi anayeusubiri atachelewa. Kwetu tutegemee macho na mikono. Tazama kope za juu, zimeanza kushuka kisha zinafunguka kwa nguvu. Sasa tazama mkono wa kulia. Muda mfupi uliopita vidole vilikuwa vimelegea na mkono unakwenda taratibu. Sasa unaruka ghafla, na ngumi imekunjwa. Na huyo, amepiga mwayo.

Mwayo wa kwanza ukitoka, inuka umwandae. Akianza kukunja uso, kujinyonganyonga na kupinda mgongo, umeshachelewa. Kilio ndicho dalili ya mwisho ya uchovu, na mtoto aliyepitiliza hapo hushindana na usingizi hata akiwa hoi.

Kabla ya kumlaza, hakikisha si njaa. Mwenye njaa hugeuza kichwa huku na huku mdomo wazi akitafuta titi, hutoa ulimi, hunyonya mkono kwa bidii. Kunyonya mkono kunachanganya, kwa sababu hata mwenye usingizi hufanya hivyo. Ukiwa na shaka, mpe titi. Akivuta na ukasikia anameza, ilikuwa njaa. Akivuta mara mbili tatu na macho yakafumba, ulikuwa usingizi. Na akilalia titi, hujakosea chochote. Mtoto wa wiki 5 hadeki, wala hajui kuzoea mikono. Nyinyi mnaowaambia mama wapya "usimbebe sana, utamharibu", nawaomba kwa heshima muwaache wawabebe.

Nikae kidogo kwenye jambo hili la njaa, maana lina madhara makubwa. Saa 11 jioni, wageni wamekuja kumwona mtoto, amepita mikono ya watu wengi, hajalala tangu saa 8 mchana. Analia, anapewa titi, anasukuma. Mtu mmoja anasema maziwa ya mama hayatoshi, mwingine anasema ni mchango. Kesho yake mtoto anapewa maji, au uji mwepesi, au dawa ya mitishamba, na kabla hajafika miezi 6 hatakiwi kupewa hata kimoja. Maziwa yapimwe kwa nepi na kadi ya kliniki. Kama analowesha nepi 6 au zaidi kwa saa 24 na uzito unapanda, maziwa yanatosha. Kilio hicho cha jioni, mara nyingi mtoto amechoka tu. Mwombe mgeni akae, anywe chai, amtazame mtoto akiwa kwa mama yake. Na dawa ya mafua inayoleta usingizi, tafadhali, usimpe kabisa. Inaweza kumdhoofisha kupumua.

Sasa tunamlaza. Punguza mwanga, vuta pazia. Kelele za kawaida za nyumbani hazimsumbui, ila televisheni izimwe.

Chukua kanga moja nyepesi. Itandaze, kunja ncha ya juu, mlaze mtoto mabega yakiwa sawa na mkunjo. Leta upande mmoja juu ya kifua, uingize chini ya mgongo, kisha upande wa pili. Juu iwe imara, na mkono wako uweze kupita kati ya kanga na kifua. Chini iwe pana. Miguu ikunjike na kupanuka kama ya chura, kwa sababu kuinyoosha na kuifunga pamoja kunaweza kudhuru viungo vya nyonga. Siku utakapomwona anaanza kujaribu kujigeuza, acha kumfunga.

Msimamishe begani abeue, huku kichwa umekishika. Kisha mpakate kifuani kwako, mwambie "shhh" karibu na sikio, kwa sauti nzito inayoendelea, na umpigepige matakoni polepole. Polepole zaidi ya unavyodhani. Wengi wetu tunapiga haraka kwa sababu tuna wasiwasi.

Pumzi zake zinatulia, mkono unalegea. Tunamshusha. Anza na makalio, kisha mgongo, kichwa mwisho. Ukianza na kichwa atashtuka, mikono itafunguka kwa ghafla na itabidi uanze upya. Usiondoe mikono mara moja. Acha kiganja kifuani mwake mpaka usikie pumzi imetulia, kisha kiinue kidogo kidogo.

Mnaona amelala chali. Najua bibi wengi wanahofia akicheua atapaliwa, wanapenda alale ubavu au kifudifudi. Mtoto akiwa chali, njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula, kwa hiyo anachocheua hurudi chini kwenye njia ya chakula. Uingereza ilianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vikapungua kwa takriban nusu au zaidi. Godoro liwe gumu na bapa. Ondoa mto, hata ule mdogo wa kutengeneza kichwa, ondoa blanketi zito na midoli. Chandarua kichomekwe chini ya godoro, kisimguse uso. Kama mnalala kitanda kimoja, awe mbali na mito na shuka nzito. Usimweke kitanda hicho ikiwa mmoja wenu amekunywa pombe, anavuta sigara au ametumia dawa ya usingizi. Kwenye kochi usilale naye hata kidogo. Jiko la mkaa lisiingie chumbani, hata mvua ikinyesha.

Joto nalo. Dar es Salaam mwezi wa kwanza, mtoto amevalishwa kofia, soksi na sweta. Gusa shingo kwa nyuma. Ikiwa na jasho, punguza nguo. Mikono na miguu kuwa baridi kidogo si kipimo.

Tazama sasa, anakunja uso, anaguna, anatabasamu, miguu inacheza. Bado amelala. Karibu nusu ya usingizi wa mtoto mchanga ni wa namna hii, na pumzi huenda bila mpangilio. Ukimnyanyua hapa, umemwamsha wewe. Subiri dakika moja au mbili. Akifungua macho na kulia kweli, mchukue.

Akigoma kulala kabisa na wewe umechoka mpaka unahisi hasira, mlaze chali mahali salama, toka chumbani dakika chache, au mkabidhi baba yake. Usimtikise hata kwa sekunde moja, kwani ubongo wake unaweza kuumia vibaya.

Kuna usingizi ambao si uchovu. Wiki za mwanzo, kabla hajarudia uzito wa kuzaliwa, mwamshe anyonye kila baada ya saa 3 hivi. Kama haamshiki vizuri, anakataa titi, ana homa ya nyuzi 37.5 au zaidi, au mwili uko chini ya 35.5, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kinabonyea akivuta pumzi, anapata degedege, au viganja na nyayo zimekuwa za njano, usisubiri tarehe ya kliniki. Mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo, na umnyonyeshe njiani kama anaweza.