Kirai nomino cha Kiingereza: namna ya kukikata, kukipima na kukiweka mahali pake

Chukua daftari na kalamu mbili, nyeusi na nyekundu. Kwa kalamu nyeusi andika sentensi hii iliyo kwenye skrini: “The woman selling omena at Kibuye market is my aunt.” Ni maneno kumi. Sasa piga mstari mwekundu chini ya maneno saba ya mwanzo, mpaka “market”. Yote saba yanafanya kazi ambayo neno moja, “she”, lingeifanya. Hicho ndicho kirai nomino. Mwishoni kuna kingine kifupi: “my aunt”.

Tuanze na kujua kirai kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Kipimo chake ni kiwakilishi. Ondoa fungu lote la maneno, kisha uweke “he”, “she”, “it” au “they”. Ikiwa kirai kinakuja baada ya kitenzi au kihusishi, weka “him”, “her”, “it” au “them”. “The matatu to Kakamega leaves at six” inakuwa “It leaves at six”, na sentensi inasimama. Ukikata “the matatu” peke yake utabaki na “It to Kakamega leaves at six”. Sikio lenyewe litakataa, kwa sababu umeacha mkia nje. Rudi ukate upya.

Ukishapata kirai, tafuta nomino kuu, yaani ile ambayo maneno mengine ya kirai yanaieleza, na uizungushie duara jekundu. Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo wanafunzi wengi hupoteza alama. Tazama sentensi hii: “The basket of tomatoes have fallen.” Kilichomponza mwandishi ni “tomatoes” kukaa jirani na kitenzi. Lakini duara liko kwenye “basket”. Fikiria tunavyosema wenyewe: kikapu cha nyanya kimeanguka. Hakuna mtu sokoni atakayesema kikapu cha nyanya zimeanguka, kwa kuwa ki- ya kikapu inavuta kila kitu hadi kwenye kitenzi. Basi andika “has fallen”.

Ndivyo ilivyo kwa “One of my friends lives in Nyalenda.” Kitenzi kina s kwa sababu neno kuu ni “one”, na “friends” iko katika wingi kwa sababu huyo mmoja ametolewa katika kundi. Mmoja wa marafiki zangu anaishi: Kiswahili kimekupa jibu la sehemu zote mbili. Anayeandika “one of my friend” amesahau kundi.

Kuna mitego miwili ya kukariri. “A lot of tomatoes have gone bad” ni sahihi, kwa kuwa “a lot of” hutaja kiasi tu, na kitenzi hufuata nyanya. Pia “a number of passengers are waiting” ni wingi, lakini “the number of passengers is high” ni umoja, kwani hapa idadi yenyewe ndiyo inayozungumziwa.

Sasa nenda mwanzoni mwa kirai. Kwa Kiswahili unasema nimenunua mfuko, yakaisha. Kwa Kiingereza, nomino ya umoja inayohesabika haitembei uchi: si “I bought bag”, ni “I bought a bag”, au “the bag”, “my bag”, “this bag”. Ukitaja kitu kwa mara ya kwanza tumia “a”. Msikilizaji akishakijua, tumia “the”. “I saw a boda boda at the gate. The boda boda had no lights.” Kuchagua kati ya “a” na “an” ni kazi ya sikio, si ya herufi: “an hour”, “an MCA”, lakini “a university”.

Mlangoni huingia kibainishi kimoja tu cha aina hii, yaani neno kama “a”, “the”, “my” au “this”. Sisi husema hii simu yangu bila shida, ndiyo maana utasikia “this my phone”. Chagua: “this phone” au “my phone”. Ukivitaka vyote viwili, sema “this phone of mine”.

Nomino zisizohesabika hazipokei “a” wala s ya wingi: furniture, luggage, equipment, information, advice, homework. Fenicha zikiwa kumi, bado ni “furniture”. Ukitaka kuhesabu, tafuta kipimo: “two pieces of advice”, “three loaves of bread”. Majina ya maziwa nayo hayana “the”, kama “Lake Victoria” na “Lake Nakuru”, ila mito inayo: “the Nzoia”.

Katikati ya kirai, mpangilio wetu unageuka. Matangi matatu makubwa ya buluu ya plastiki ya maji: Kiswahili kimetanguliza tangi. Kiingereza hulisubirisha hadi mwisho: “three big blue plastic water tanks”. Idadi kwanza, kisha ukubwa, rangi, kitu kilichotumika kulitengeneza, kazi yake, ndipo nomino kuu. Ukibadilisha maneno mawili ya mwisho maana inahama: “water tank” ni tangi, “tank water” ni maji. Na nomino inayoeleza nyingine kwa kawaida hubaki umoja: “shoe shop”, “a five-minute walk”, “a ten-year-old girl”. Wingi hurudi nje ya nafasi hiyo: “The girl is ten years old.”

Tumalizie na mkia, sehemu inayofuata nomino kuu. Soma polepole: “I sold the phone to a man with a cracked screen.” Nani ana kioo kilichopasuka? Kwa Kiingereza hiki, mwanamume. Kiswahili hakikosei hapo, kwa kuwa simu yenye kioo kilichopasuka ina “yenye”, na ngeli hiyo inajulikana ni ya simu. Kiingereza hakina ngeli. Kinachofunga maneno pamoja ni ujirani wake tu, kwa hiyo sogeza mkia karibu na mwenyewe: “I sold the phone with a cracked screen to a man.”

Viambishi vyetu pia huponyoka na kuingia Kiingereza. Ndugu yangu anafanya kazi Nakuru hugeuka “My brother he works in Nakuru”, na samaki niliowanunua huwa “the fish that I bought them”. Kirai kimeshashika nafasi. Futa “he”, futa “them”.

Simamisha video ujaribu hii: “The two small wooden boats near the beach at Dunga ___ to my uncle.” Jaza “belong” au “belongs”.

Mstari mwekundu unaishia “Dunga”. Kipimo kinatoa “they”. Duara liko kwenye “boats”, si “beach” wala “Dunga”. Jibu ni “belong”.