Mafuta ya Mwarobaini kwa Kunde za Kuweka: Kijiko kwa Gorogoro

Hamjambo watazamaji. Leo tuko Nyando, Kaunti ya Kisumu, na kunde hizi zimevunwa majuzi tu. Sogea karibu uone. Vidoa hivi vyeupe juu ya ganda si vumbi, ni mayai ya mdudu anayetoboa kunde. Buu likianguliwa hutoboa punje papo hapo, likala ndani kwa ndani, na hutaliona mpaka mdudu mzima atoke na kuacha tundu la duara. Wengi hungoja matundu ndipo watafute dawa. Mafuta ya mwarobaini hayamfikii mdudu aliye ndani ya punje.

Kwa hiyo tunaanza na jua. Tandika karatasi nyeusi ya plastiki, mwaga kunde kavu ziwe tabaka jembamba, funika na karatasi nyingine inayoonyesha, kisha kandamiza kingo kwa mawe. Jua likiwa kali, ziache saa mbili au zaidi. Joto litawaua wadudu waliokwisha kuingia kwenye punje. Halafu anua, pepeta, ziache zipoe kabisa.

Sasa mwarobaini. Okota matunda yaliyoiva, yale ya manjano, osha nyama yote itoke, anika mbegu kivulini. Kivulini, jamani! Jua hupunguza nguvu ya dawa yenyewe. Zikikauka, banja uondoe maganda. Kiini chenye ukungu tupa. Twanga kwenye kinu mpaka upate donge la kahawia linalong'aa. Nyunyizia maji ya moto kidogo kidogo huku ukikanda kama unga wa chapati, kisha kamua kwa nguvu. Mkono utachoka, na mafuta si mengi, lakini kunde hazihitaji mengi.

Kipimo ni mililita 2 hadi 3 kwa kilo. Gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, ni kama kilo mbili, basi kijiko kimoja cha chai kinatosha. Mimina kwenye karai, geuza kwa mikono mpaka kila punje ing'ae kidogo. Usiharakishe hapa: punje iliyokosa mafuta ndiyo mdudu atakayotagia. Mafuta huziba yai lisipumue, na uchungu wake humfukuza mama mtagaji.

Najua kuna wanaotupia majani makavu guniani na kufunga. Husaidia kiasi, ila mbegu ndiyo yenye nguvu, na mimi siwezi kuachia majani chakula cha msimu mzima. Na kama shida yako ni Osama, yule dumuzi mkubwa anayetoboa mahindi, usitegemee mwarobaini peke yake. Kausha vizuri, tumia mifuko isiyopitisha hewa.

Hifadhi kunde kwenye chombo kisafi chenye mfuniko. Siku ya kupika, zioshe, ziloweke, mwaga maji hayo, na uchungu utaisha. Mafuta yaliyobaki yatie kwenye chupa, andika jina juu yake, weka mbali na watoto. Si ya kunywa hata tone.