Suruali Inapimwa, Kinga Haipimwi

Jambo yenu, baba na mama. Jambo yenu, vijana mliokaa karibu na mlango ili mpate kutoroka mapema. Nimewaona.

Kabla sijaanza, kuna mama mmoja mgeni, ametoka Dar es Salaam, aliniuliza pale nje kama leo tunazungumzia chanjo. Alikuwa amesoma kile kibao: "Kinga ya kwenda kazini". Hapana, mama. Hapa Lubumbashi kinga ni baiskeli. Chanjo utaipata, lakini si kwangu. (Watu wanacheka.)

Haya. Wanaonijua wanajua ninachokuja kusema, maana nimekisema Katuba, nimekisema Ruashi, nimekisema hata kwenye kilio cha shemeji yangu mpaka wazee wakanihamishia kiti upande wa watoto. Ninakisema tena: inueni viti vyenu! Kiti cha kinga, siyo hicho ulichokalia, baba.

Angalieni namna tunavyoishi. Mtu wa Lubumbashi akitaka suruali, anakwenda kwa fundi wa nguo. Anapimwa kiuno, anapimwa paja, anapimwa urefu. Suruali ikigusa kiatu kidogo kuliko alivyotaka, anairudisha, na matusi juu. Suruali hiyo ataivaa Jumapili, saa tatu au nne. Mtu huyohuyo ananunua kinga ya kupanda siku sita kwa wiki, asubuhi na jioni, na anaipanda vilevile ilivyoshushwa kwenye lori. Nani aliipima? Hakuna. Yule aliyeifunga kule kiwandani, China au India, alisukuma kiti chini mpaka mwisho ili sanduku lifungike. Wewe miguu yako unaipeleka kazini kwa kipimo cha sanduku.

Tufanye hesabu, na nitakwenda polepole. Ile kinga nyeusi ya kawaida, gurudumu la inchi 28, likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2.2. Mbele ina meno 44, nyuma tuseme 20. Kwa hiyo kila ukimaliza mzunguko mmoja wa pedali umesogea karibu mita 4.8. Kazi yako iko kilometa 8. Gawanya. Goti lako la kulia linakunjwa zaidi ya mara 1,600 kabla hujasalimia mlinzi. Ukirudi jioni zinakuwa 3,300. Jumamosi ikifika, karibu mara 20,000, goti moja tu. Kiti kikiwa chini, kila mara goti linasukuma mzigo likiwa limekunjwa sana, na pia ya goti inagandamizwa. Na mtu anashangaa kwa nini anapanda ngazi kama babu.

Mimi nilikuwa babu huyo, na nilikuwa na miaka 31. Nilikuwa nafundisha upande wa pili wa mji, natoka Katuba kila asubuhi. Mwaka wa kwanza magoti yananong'ona. Mwaka wa pili yanaongea. Mwaka wa tatu nikiandika ubaoni sehemu ya chini, wanafunzi wanasikia "kakaka" na wanacheka. Nikaenda kwenye kituo kimoja cha afya, wakanipa vidonge vya manjano na kuniambia ni baridi ya mwezi wa sita. Mwezi wa kumi jakaranda zinachanua, joto linaua, vidonge bado. Jirani akaniambia kuna mtu kazini hapendi namna ninavyoendelea. Nikamwambia, mama, mshahara wenyewe una miezi minne haujatoka, nani ataonea wivu kitu hicho?

Siku moja mnyororo ulikatika karibu na soko la Kenya, mtaa wetu wa hapa Lubumbashi, siyo ile nchi. Pale kuna fundi mmoja, mzee, anatengeneza chini ya mwembe, vyombo vyake vyote vinaingia katika kopo la maziwa. Alitengeneza mnyororo bila kuniangalia. Nilipopanda niondoke, akasema, "Papa, shuka." Nikashuka. "Panda tena." Nikapanda. "Unapanda kinga ya mtoto wako?" Nikasema ni yangu. Akasema, "Basi weka kisigino juu ya pedali."

Hapo, vijana, mnaweza kuandika, kwa sababu mzee alinifundisha bure kitu nilichokuwa nakitafuta kwa vidonge. Mtu akushikie kinga, au egemea ukuta. Kaa sawasawa juu ya kiti. Zungusha pedali mpaka ifike chini kabisa. Weka kisigino juu yake. Mguu unatakiwa unyooke, bila kiuno kuinama upande. Basi. Ukianza safari utakanyaga kwa ile sehemu pana ya wayo, nyuma ya vidole, na goti litabaki limekunjwa kidogo tu. Nilipoweka kisigino changu siku ile, goti lilikuwa limekunjwa kama mtu aliyeketi kwenye kigoda akichambua mchicha.

Mzee akachukua spana, akalegeza nati, akavuta kiti. Hakikutoka. Miaka mitatu ya mvua na jasho, chuma kimeoana na chuma. Nilitaka kuchukua nyundo. Akanishika mkono. "Ukipiga, utapasua fremu, na fremu sina kwenye kopo." Akamimina mafuta ya taa kidogo pale kiti kinapoingia kwenye bomba, akaniambia nirudi na kinga nyumbani, nimimine kila jioni, siku tatu, nisiguse. Siku ya nne nikarudi kwake. Akakamata kiti mbele na nyuma kama mtu anayemgeuza mbuzi kwa pembe, akakizungusha kushoto, kulia, kushoto. Hakukivuta juu kwanza, alikizungusha tu. Kikalia sauti kama mlango wa makaburini, halafu kutu ikaanza kumwagika, nyekundu, laini kama majani ya chai. Kikatoka. Akafuta, akapaka grisi ndani na nje, akarudisha, akakipandisha vidole vinne. Vidole vinne! Mwezi wa pili baada ya hapo nilikuwa nimesahau ni goti gani lilikuwa linaumwa zaidi.

Sasa kuna msomi hapa atasema, mwalimu, hiyo ni elimu ya chini ya mwembe. Vizuri. Greg LeMond mnamfahamu? Mmarekani, alishinda mbio za Ufaransa mwaka 1986, 1989 na 1990. Kipimo anachojulikana nacho: simama bila viatu, mgongo ukutani, weka kitabu katikati ya mapaja mpaka kigote juu, pima kutoka sakafuni. Zidisha kwa 0.883. Mtu wa sentimita 80 anapata 70.6, kutoka katikati ya mhimili wa kwenye fremu, ule unaoshika mikono ya pedali, mpaka juu ya kiti. Huko Uingereza mwaka 1967 Hamley na Thomas walipima kwa njia nyingine: asilimia 109 ya urefu huohuo, kutoka kwenye pedali yenyewe ikiwa chini. Sentimita 80 zinakuwa 87.2. Mkono wa pedali ukiwa na sentimita 17, toa hizo, unabaki na 70.2. Yule 70.6, hawa 70.2. Na kisigino cha mzee wa Kenya kinakupeleka palepale, bila kalamu.

Naona mkono. Ndiyo, najua unachouliza, kila mahali wananiuliza: "Kiti kikiwa juu miguu haifiki chini, manseba, yule dereva wa pikipiki ya abiria, akinikatia mbele nitaanguka." Ndugu yangu, nani alikuambia usimame ukiwa umekaa? Kiti si benchi ya baa. Ukitaka kusimama unatoka kwenye kiti, unakwenda mbele, unashusha mguu mmoja. Ukitaka kuondoka, pedali moja iwe juu, unaikanyaga, kinga inakwenda, wewe unapanda kitini. Jifunze uwanjani Jumapili moja. Kama unaogopa, inua kidole kimoja kila wiki. Nilimfanyia hivyo dada yangu mkubwa, yaya wangu, naye ni mtu wa kuogopa hata ngazi. Ila usivute mpaka mwisho! Bomba la kiti lina alama. Kama alama haionekani, hakikisha sentimita 7 hivi zimebaki ndani ya fremu. Ukiona kiuno kinacheza kushoto na kulia, au nyuma ya goti panavuta, umepita, shusha. Maumivu yakiwa mbele ya goti, inua.

Halafu kuna wanaosema: "Wabeba makala, mkaa ule wa kupikia, wanashusha viti, na wao ndio wenye kinga." Nawaheshimu sana watu hao. Wanatoka porini na magunia, mtu anazeeka barabarani. Lakini mwangalie vizuri: anasukuma! Kinga yake ni mkokoteni wa magurudumu mawili. Ameongeza vyuma kwenye uma, amefunga kijiti kwenye usukani ili aelekeze akiwa pembeni, kiti ni mahali pa kuegemeza gunia. Jifunze kwake namna ya kuimarisha keria na kufunga mzigo kwa tyubu ya zamani iliyokatwa utepe, hakuna kamba inayoishinda. Kiti chake mwachie. Na mzigo wako wewe, kompyuta au vitabu, uweke kwenye keria, usiubebe mgongoni. Shati litakushukuru.

Wanaonionyesha saa, nimewaona pia. Tukimbie.

Meno ya nyuma. Ukichoka kwenye mpando, usiuze kinga. Badilisha gia ya nyuma, toa 20 weka 22. Kila mzunguko unakwenda mita 4.4, mguu unapumua. Ukizungusha mara 60 kwa dakika bado unakwenda karibu kilometa 16 kwa saa. Taksi-busi inayosubiri ijae haifikii hapo.

Breki. Hizi za vyuma vya kuvuta, juu ya rimu za chuma, kiangazi ni nzuri. Mvua ikianza mwezi wa kumi na moja, ni maombi. Rimu ikilowa, mizunguko ya kwanza inafuta maji tu, ndipo inaanza kushika. Kwa hiyo gusa breki mapema, kidogokidogo, kabla ya kuihitaji. Mwenye pesa abadilishe rimu, aweke za aluminiamu.

Mnyororo. Acheni kuumwagia oili chafu ya motoka! Inakusanya vumbi letu jekundu, inakuwa msasa, inakula meno. Futa na kitambaa, tone moja kwa kila kiungo, zungusha, halafu futa tena. Mnaruka sehemu ya kufuta tena, nawajua. Na pima: viungo 24 vya mnyororo mpya ni sentimita 30.5. Vikifika 30.8, toa, kabla haujala gia uliyoinunua jana.

Madigadi: msiyatoe. Kijana anatoa madigadi ili kinga ifanane na ya mashindano, halafu mwezi wa kwanza anafika kazini na mstari wa udongo kutoka makalioni mpaka shingoni. Taa: saa kumi na mbili jioni inaingia giza, na malori ya madini hayakuoni. Kama huna taa ya nyuma leo, basi kiakisi chekundu leo hiihii, na mkanda wa kung'aa kwenye pedali, kwa sababu unapanda na kushuka, dereva anatambua huyu ni mtu.

Pedali ya kushoto inafungwa kinyume! Nusu ya mikono ya pedali niliyoiona imekufa kwa hiyo. Na hesabuni spoku: nyingi za kinga hizi nyeusi ni 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu uzito mwingi uko nyuma. Ikikatika moja, usisubiri ya pili.

Nilitaka kuzungumza juu ya wamama wenye liputa, kile kitenge cha kujifunga, na fremu isiyo na chuma cha juu, na kifuniko cha mnyororo, na kwa nini mume anasema kinga si ya mwanamke wakati anamtuma mkewe sokoni kwa miguu na kilo 20 kichwani. Ni mhadhara mzima huo, na nitawaudhi watu. Mama wa pale mbele anasema niwaudhi. Safari ijayo, mama, nitakuja na kinga yenyewe.

Na yule anayesema kinga ni ya maskini, sina jibu. Atakaa kwenye motoka pale barabara ya Kasenga, atanipungia mkono mimi nikipita.

Aksanti. Jenereta inazimika saa kumi na moja, kwa hiyo maswali tunayafanyia nje. Nina spana mbili, mafuta ya taa nusu chupa, na kopo la grisi. Kinga zilizofungwa kwenye mti nimezihesabu nilipoingia, ziko 14, na 11 kati yake nimeona viti vyake. Tuanze na ile nyekundu ya karibu na mlango. Ya nani? Yako, papa? Haya, njoo. Weka kisigino.