Armadilo kwenye nyasi za Texas: kwa nini anachimba, na namna ya kumzuia

Ndugu zangu wa huko nyumbani, hamjambo? Leo kamera naishusha mpaka chini kwenye nyasi, muone vizuri. Mnaviona vishimo hivi? Kila kimoja kina umbo la faneli: mdomoni sentimita 8 hadi 12, kwenda chini sentimita 3 hadi 8, na udongo umetupwa pembeni. Mnyama mmoja anaweza kuvichimba makumi kwa usiku mmoja.

Huyo ni armadilo wa mikanda tisa. Najua mtamwita kakakuona, lakini sio ndugu. Magamba ya kakakuona ni ya dutu ileile ya kucha zetu, na hana hata jino. Armadilo gamba lake ni mfupa, na ana vijino vidogo huko nyuma ya taya. Tena huyu hawezi kujiviringa akawa mpira. Akishtuka huruka juu, karibu mita nzima, na ndiyo maana wengi hufia barabarani: gari lingempita juu bila kumgusa, yeye anaruka na kugonga chuma cha chini.

Macho yake ni dhaifu, pua ndiyo kila kitu. Ananusa mabuu ya mbawakawa (wale funza weupe wanaojikunja), nyungunyungu, sisimizi na mchwa, kisha anachimba palepale. Udongo mbichi humrahisishia kazi, maana ni laini na wadudu husogea juu. Kwa hiyo anayemwagilia kila jioni anamwandalia chakula cha usiku. Mwagilia asubuhi, mara chache, maji yazame vizuri, jioni ikifika uso wa udongo uwe umekauka. Na matandazo yasiwe manene karibu na nyumba.

Watu wengi hukimbilia dawa ya kuua mabuu. Mimi singeanza na hiyo. Mabuu yakipungua bado kuna nyungunyungu, na kwa muda anaweza hata kuzidisha kuchimba akitafuta kilichobaki. Vidonge vya kufukuzia nondo kabatini, pilipili, dawa za harufu: ni kupoteza fedha bure.

Kinachofanya kazi ni mtego wa kizimba, na siri yake ni mbao. Chukua kizimba cha sentimita 25 kwa 30, urefu 80. Kiweke ukutani au kando ya uzio anapopita, au mbele ya mdomo wa shimo lake. Kisha simamisha mbao mbili kwa ubavu, kila moja upana wa sentimita 15 na urefu kama mita 1.8, zianzie mlangoni mwa kizimba na kufunguka kama herufi V. Kwa kuwa haoni vizuri, hutembea akifuata ukuta. Akikutana na ubao anaufuata mpaka ndani. Mbao zikiacha mwanya chini au mlangoni, atapenya hapo. Chambo si lazima. Kagua alfajiri, kabla jua la Texas halijakichoma kizimba.

Vaeni glavu! Armadilo wa kusini mwa Marekani wanaweza kubeba vimelea vya ukoma. Ugonjwa unatibika kwa antibiotiki na watu wengi mno wana kinga ya asili, lakini kumshika au kumchuna kwa mikono mitupu ni kujitafutia balaa. Waambieni hivyo jamaa zenu waliohamia huku. Na kabla ya kutega, wapige simu idara ya wanyamapori ya jimbo lao, kwa sababu sheria hazifanani: Florida hairuhusu kumhamisha na kwenda kumwachia kwingine.

Kwa bustani ndogo ya mboga, uzio unatosha. Wavu uwe sentimita 60 juu ya ardhi, ufukiwe sentimita 30 hadi 45, na sehemu ya juu iinamie nje, maana anapanda. Kuzungushia uwanja mzima ni gharama kubwa mno.

Ila vishimo vya kwenye nyasi vinarekebishika kwa kukanyaga udongo urudi. Cha kuogopa ni shimo la kulala: mdomo wa sentimita 18 hadi 20, na handaki linaweza kufika mita 4 na zaidi. Akilichimba chini ya sakafu ya baraza au zege la kiyoyozi, udongo unabaki na uvungu, maji yanaingia, zege linapasuka. Usilizibe siku hiyohiyo. Majike huzaa majira ya kuchipua, watoto wanne wanaofanana kabisa kwa kuwa wametoka yai moja, na wanaweza kuwemo. Sokomeza magazeti au majani makavu mdomoni, usubiri siku tatu. Yakisukumwa nje, bado ana makao humo. Yakibaki vilevile, jaza kokoto na udongo ukishindilia kila tabaka, kisha tandika wavu wa chuma juu na kuufukia kingo zote.